Nafungua Kitambaa Chako cha Tatu

Mama,

Nakwambia mapema, kabla hujasikia kwa wengine, maana hapa kwetu habari hazijui kunyamaza: leo saa tisa nafungua kitambaa chako. Kile cha tatu, chekundu, cha juu kabisa, ulichokikata kwenye rinda lako la kanisani ukakifunga kwa mkono wako mwezi mmoja kabla kifua hakijakulaza. Tangu tukuzike hakuna aliyekigusa, na Januari mbili zimepita. Watu wameshakubaliana kwamba kishuke. Mwanao amekubali. Aliyebaki ni mimi, na mkono wangu ndio unaokataa, ndiyo maana nimekaa hapa jikoni na kalamu badala ya kuosha vyombo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Dholuo yangu uliicheka mpaka machozi yakakutoka, na Kinyore changu ulisema ni kama mtu anayetafuna mahindi mabichi. Basi Kiswahili kikawa chetu, chako cha sokoni Kisumu na changu cha shule, tukagombana nacho vizuri miaka kumi na mitatu. Ulikuwa unaniita Nyar Bunyore, binti wa Bunyore, hata siku umenikasirikia. Sasa hakuna anayeniita hivyo. Mwanao Ouma ananiita Mama Achieng', kwa jina la binti yetu, na watu wa kaunti wananiita mama mwenyekiti. Ndiyo, mwenyekiti. Cheka tu.

Nilipoolewa hapa nilidhani ule mti wako wa mtoni ni uchawi. Sasa naweza kusema, huwezi tena kunifukuza. Mama mkwe anaamka alfajiri, anateremka mpaka ukingoni, anasimama mbele ya gogo la siala lililochimbiwa chini, limefungwa matambara matatu, analitazama kama anasalimiana nalo, halafu anarudi kupika chai. Nilimpigia mama yangu simu nikamwambia, nimeolewa mahali pabaya.

Mvua ya kwanza ndiyo iliyonifundisha. Maji ya mto yakigusa kitambaa cha chini, ni kuku na mbuzi: wanapelekwa shuleni kule juu. Yakigusa cha katikati, ni magunia na vitanda. Yakigusa cha tatu ni watu, na hapo hakuna cha kurudi kuchukua kitu. Mwenye zamu anapiga debe, nyumba inayosikia inapiga lake, hivyo hivyo mpaka nyumba ya mwisho. Ulikataa mambo ya simu. Ulisema siku ya mafuriko hakuna mwenye chaji, ila kila mtu ana debe. Na tangu uanze huo mpango wako, mto haujabeba mtu wa kijiji hiki. Nyumba umebeba, mahindi umebeba, lakini mtu hapana.

Kuna jambo moja sikulielewa. Kila Januari, mto ukiwa chini, ulikuwa unachukua fimbo yako na kuzunguka kwa watu. Ulikaa kwa huyu ukamuuliza maji yalianzia wapi kuingia kwake, ukakaa kwa yule ukamuuliza mbuzi wake walipitia njia gani. Ulikunywa chai ya kila nyumba. Halafu ulienda mtoni, ukafungua vitambaa vyako, ukavifunga tena, kimoja vidole viwili chini, kingine kidole kimoja juu. Nilikuuliza kwa nini unasumbua kitu ambacho hakijaharibika. Ukasema, "Mto wenyewe haukai mahali pamoja. Kwa nini kitambaa kikae?" Nilidhani ni uzee, nikaendelea kuchambua dagaa wa omena.

Ulipotuacha, Januari ya kwanza tulikuwa bado tunalia. Kitambaa hakikuguswa.

Mwaka huo huo pesa za mabadiliko ya tabianchi zikafika kwenye wadi yetu. Akaja binti mmoja wa kaunti, anaitwa Mercy, mpole, viatu vyeupe kwenye tope letu, akasema wananchi wenyewe ndio watakaoamua zifanye kazi gani. Watu wakasema mengi. Wengine walitaka ukuta, wengine kisima. Ndipo mzee mmoja nyuma kabisa akasimama akasema, "Mimi nataka mti wa Min Ouma upelekwe kwa wenzetu." Mti wa mama yake Ouma. Yaani wako. Mkutano wote ukakubali: vijiji tisa vya huu mto, vyote vipate. Wakanichagua mimi niongoze, kwa sababu eti nilikaa na wewe. Nililia pale pale mbele ya watu, na si kwa huzuni peke yake. Nilivimba kichwa, Mama. Nakuambia ukweli.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Unajua kazi yangu. Cherehani yangu iko pale Mamboleo mpaka leo, na kinacholisha watoto ni sare za shule. Sare unapima mtoto mmoja, unakata thelathini. Basi nikashuka mtoni na futi yangu ya kushonea, nikapima mti wako: kutoka chini mpaka kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikaandika kwenye karatasi. Nikaagiza magogo ya siala, nikayapanga hapa uani, nikayafunga yote vitambaa vipya kutoka kwenye robota moja, yote sawa sawa. Yalipendeza. Mercy alipiga picha mpaka simu ikajaa. Nilijisemea, mama mkwe angeona hii.

Tulianza na ng'ambo ya mto, wale majirani ambao moshi wao tunauona tukiwa mlangoni. Tulifika na pikapu, tukaimbiwa, tukapewa chai na mandazi, tukachimbia mti wao ukingoni kama ulivyo wetu. Mama Consolata, mjane mmoja mfupi anayeuza mboga, unamjua, yule aliyekuletea mboga ya mitoo ulipougua, aliuzunguka ule mti mara mbili. Akaniuliza, "Huu mti unajua nyumba yangu iko wapi?" Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Naye hakuuliza tena, maana zawadi ya mgeni haikataliwi.

Ukingo wao uko juu, Mama. Juu kuliko wetu. Nyumba zao ziko nyuma yake, kwenye bonde, zimepakana na mafunjo ya ziwa. Wewe ungeona hilo kabla ya chai kupoa.

Hakufa mtu. Naanza na hilo ili usihangaike. Mvua za Novemba zilikuja, ziwa likajaa, maji yakapita kwenye mafunjo na kuingia bondeni kwao kutokea nyuma. Mama Consolata asubuhi hiyo aliona siafu wanapanda ukutani na mayai yao. Akafunga mzigo. Akamwita mjukuu wake. Lakini kabla ya kuondoka alienda kuutazama mti wetu kule juu ukingoni, akakuta hata kitambaa cha pili ni kikavu. Akarudi, akafungua mzigo, akabandika maharagwe. Saa sita mchana alikuwa amekaa juu ya meza, mjukuu mapajani, maji yanazunguka chini yao, ukuta wa upande mmoja umeanguka, mbuzi wake wawili hawaonekani. Vijana waliwatoa kwa mtumbwi.

Nilienda kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye dawati la shule, miguu imevimba. Hakunitukana. Alisema, "Nilijua. Mwili wangu ulijua. Lakini mti wenu ulisema bado."

Afadhali angenitukana. Ningemjibu, tungegombana, ningelia, ingeisha. Lakini maneno yale, Mama, niliyabeba nyumbani nikashindwa kuyaweka chini. Yule mama alikuwa na akili yake, akilijua bonde lake miaka hamsini, nami nikamletea gogo lililomfanya asijiamini. Wiki mbili sikugusa cherehani. Mercy alinipigia kwamba vijiji vingine vinangoja na ripoti inangojwa. Nikamwambia atafute mwenyekiti mwingine, mimi ni fundi wa nguo. Ouma alinifariji kwa kusema ni makosa ya mvua. Anajua kufariji vibaya, huyo mwanao, amekuwa hivyo tangu umzae. Hata kaburini kwako sikuja. Nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite hapo.

Siku moja nikachoka kujionea huruma. Nikachukua jembe na koleo, nikavuka kwenda kwa Mama Consolata. Hakunisalimia. Alinionyesha nyumba, akanipa ndoo. Siku tatu nilitoa tope mle ndani, mgongo ukawa si wangu. Siku ya kwanza alinitazama tu. Siku ya pili alinisahihisha jinsi ya kushika koleo. Siku ya tatu alileta ugali na mboga, akaketi karibu yangu, akasema, "Tule kwanza." Tulipomaliza kunawa akaniuliza, "Yule mama mkwe wako, yeye alipimaje?"

Nilifungua mdomo kumwambia alipima kwa macho. Ndipo nikakuona, Mama. Nilikuona kabisa, na fimbo yako na kile kitambaa cha kichwa cha njano, unaingia nyumba ya mtu Januari, unakaa, unauliza, unakunywa chai. Nikamweleza yote. Alicheka, mara ya kwanza nimemwona akicheka. Akasema, "Kwa hivyo mlituletea mti, mkaacha maswali kwenu."

Ndivyo. Niliwapelekea gogo na futi, nikasahau kazi yenyewe. Na mimi ndiye niliyekaa na wewe miaka kumi na mitatu.

Tuling'oa ule mti pamoja. Halafu tulikaa na wazee wao siku mbili, na mama zao, na wale wanaokata mafunjo. Walizozana sana. Mmoja anasema maji huingia kwa kisima, mwingine anamwuliza, "Wewe ulikuwa umeolewa wapi wakati huo?" Lakini mwisho walijua. Mti wao sasa uko nyuma, kwenye mafunjo, si mtoni. Kitambaa chao cha kwanza si kuku, ni wagonjwa na wazee, kwa sababu vijana wao wengi wako mjini na wazee ndio wengi. Na hawapigi debe, nyumba zao zimetawanyika, wanapiga kengele ya kanisa. Hakuna hata kimoja ningekiwaza mimi. Kuuliza si ujinga, tunaimba hivyo tangu shule, lakini kuuliza ni kazi, inachosha kuliko kuchimba.

Nilirudi nikavua vitambaa kwenye magogo yote yaliyobaki uani. Mercy alipokuja akayakuta yako uchi, alikaribia kulia. Nikamwambia kila kijiji kitafunga vyake chenyewe baada ya kukaa chini, na pesa zilizobaki zilipe siku za kukaa. Akasema, "Mama mwenyekiti, hiyo itachukua mwaka mzima." Nikasema basi ichukue. Akatoa karatasi yake, akakata mstari mmoja mrefu, akaandika upya. Ana moyo mzuri yule binti. Siku hizi ndiye anayewaambia wakubwa wake kwamba mti bila chai ni kuni.

Tumefika vijiji sita, Mama. Katika vijiji sita hakuna miti miwili inayofanana. Mahali pengine hawakutaka mti kabisa, wamepaka alama kwenye nguzo za daraja. Wanafunzi walikuja kutoka Chuo cha Maseno kuandika, nikawapa koleo kwanza. Na wale wa Nyalenda, unaowakumbuka kwa mitaro yao inayofurika mpaka vitandani, walisikia wakaja wenyewe kuangalia. Walikaa hapa uani siku nzima, wakauliza maswali mengi kuliko sisi tuliyowahi kuuliza. Wakarudi wakafunga vyao kwenye nguzo ya kioski cha maji, pale ambapo kila mama lazima apite na jerikeni. Jina lako linatajwa Nyalenda, na wewe ulikuwa unasema Nyalenda ni mahali pa kupita haraka.

Sasa sikiliza la Aprili, maana ndilo linalonikalisha hapa.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Kengele ya ng'ambo ikalia. Ikalia tena, haikuacha. Nikatoka mbio mpaka mtoni, Ouma keshafika, na wanaume wengine watano. Maji yalikuwa makubwa lakini kitambaa chako cha tatu kilikuwa kikavu, kinapepea. Nikasema tuondoke. Ouma akauwekea mti mkono, ule mkono wake mkubwa unaofanana na wako, akasema, "Mama hajasema."

Mama, nilikuwa nimeshasikia maneno hayo, kwa mdomo wa Mama Consolata.

Sikubishana. Niliwachukua watoto, nikapiga debe mwenyewe kutoka nyumba hadi nyumba, na akina mama wakatoka nami. Tulipofika kwenye lile bonde dogo karibu na posho mili, kile kinu cha mahindi, ambapo njia ya shule hushuka kabla ya kupanda, maji yalikuwa kwenye vifundo. Hayakuwa yanapita hapo zamani. Mto umejaa mchanga, unavunja ukingo kule juu na kuzunguka nyuma yetu. Nusu saa baadaye pale pale maji yalikuwa kifuani. Njia ilikatika, na Ouma na wale wanaume wakabaki upande wa mto, wamezungukwa, wamesimama kwenye kichuguu. Walitolewa na nani? Na vijana wa ng'ambo, kwa mtumbwi. Mama Consolata akampa mwanao chai na sweta ya marehemu mume wake. Siku tatu alikuwa kwake. Alirudi ameivaa.

Na jambo ninalotaka ulijue, hata kama litakuuma: mpaka maji yanaanza kurudi, kitambaa chako hakikuguswa na maji. Tungeusikiliza mti wako, tungekuwa wote kwenye kile kichuguu, watoto juu ya mabega. Mwaka ulipokifunga kilikuwa sawa kabisa. Si wewe uliyekosea. Ni sisi tuliokipenda mpaka tukaacha kukiuliza, hata Januari ya pili nilipokuwa nauliza vijiji vya wenzetu.

Wiki nzima Ouma alirekebisha ua na kulisha kuku. Halafu jioni moja tukila aliweka tonge chini, akasema, "Mama angekuwa hai, angekishusha mwenyewe Januari." Akaongeza, "Lakini mimi siwezi. Fungua wewe." Akatoka nje. Nilimwacha alie.

Jana na juzi tulizunguka, nyumba kwa nyumba, kama ulivyokuwa unafanya. Nilikunywa chai mpaka tumbo likalia kama ngoma. Kila mtu amesema maji yalimkuta wapi na njia ilikatika saa ngapi. Imeamuliwa: kitambaa cha watu kishuke shibiri mbili, chini ya kile cha magunia. Watu waondoke kabla ya magunia, na anayependa gunia lake alikumbatie mapema. Ng'ambo wanakuja pia, kusema kile walichokiona kutoka upande wao, maana wao hutuona tusivyojiona.

Nitajaribu kukifungua bila kukichana. Kimekuwa cha waridi kwa jua, na fundo lako, Mama, ulilikaza kana kwamba mto ulikuwa na vidole. Kikifunguka salama, hicho hicho ndicho nitakachokifunga chini. Kikichanika, nimekata kipande kwenye rinda nililovaa siku tulipokuzika. Kiko hapa mezani.

Nimekuogopa mpaka leo. Si mzimu wako, nimeogopa kwamba nikikifungua hicho kitambaa hakutabaki kitu hapa kilichoguswa mwisho na mkono wako. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, nami nimelisema. Naona wameanza kuteremka mtoni. Ouma amesimama mlangoni na ile sweta, na joto lote hili, ananingoja bila kuniita. Achieng' ameshika fimbo yako. Hakuna aliyempa.

Lala vizuri, Min Ouma. Asante kwa kila siku uliyonigombeza. Nakuahidi Januari haitapita tena bila sisi kukaa na watu na kuwauliza, hapa na ng'ambo na kila mahali mti wako umefika. Na nakuahidi jambo jingine: hiki kitambaa nikikifunga leo, fundo nitalifunga la kuhimili mvua tu. Sitalikaza sana. Nataka atakayekuja baada yangu alifungue asubuhi moja, bila kukaa jikoni kwanza kuniandikia barua.

Mimi wako,
Nyar Bunyore